Shajara ya mradi: mchecheto wa siku ya mbio, kutoka joto la Dar hadi mlima wa Mweka

Desemba 2025, mwanzo wa mradi

Klabu yetu ya joging hapa Kinondoni ina wakimbiaji ambao ukiwaona Jumamosi utadhani hakuna mbio za kuwashinda. Wanapanda mlima wa Chuo Kikuu huku wanapiga soga. Wanamaliza kilometa 18 kwenye joto la kaskazi, wanakunywa madafu, wanarudi makwao. Halafu inafika siku ya mashindano na watu wale wale wanabadilika: mmoja hajalala, mwingine hajaweza kula, wa tatu haachi kwenda chooni tangu alfajiri, na wa nne anatoka kwenye mstari kana kwamba anafukuzwa.

Baada ya msimu uliopita nilizungumza na kila mmoja pembeni, nikamwuliza ni wapi mbio zilimponyoka. Hakuna aliyetaja miguu. Walitaja usiku wa kuamkia mbio, foleni ya choo, simu za ndugu, na kilometa mbili za kwanza. Mama mmoja, mpishi wa shule ya msingi, aliniambia, "Kocha, mimi nilichoka kabla sijaanza kukimbia." Kauli hiyo ndiyo iliyozaa mradi huu.

Tunajiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon, Moshi, Jumapili ya mwisho ya Februari 2026. Mbio hizo zipo tangu 2003 na kwa wakimbiaji wengi wa Tanzania ndiyo sikukuu yao kubwa. Njia yake ya kilometa 21 ina tabia ya pekee: ukitoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika unaanza kupanda kuelekea Mweka, katikati ya migomba na watu wanaoshangilia, kisha unageuza na kushuka kurudi mjini. Kazi ngumu inakuja mwanzoni, wakati ule ule ambao mchecheto uko juu. Mtu wa Dar aliyezoea usawa wa bahari akiondoka kwa papara, mlima unamdai mapema, na bado ana zaidi ya saa moja barabarani.

Niandike wazi msimamo wangu ili niupime mwishoni: sitaki kuufuta mchecheto. Ninataka kila mtu ajue wake unamjia saa ngapi, kwa dalili zipi, na awe ameshaamua atafanya nini ukifika. Kinachowaumiza wengi ni kubaki na maamuzi kumi ya kufanya asubuhi ile ambayo kichwa hakiwezi kuamua hata kimoja.

Katikati ya Desemba: mwili unafanya nini

Kikao cha kwanza hatukukimbia. Tulikaa kwenye mchanga wa Coco jua likizama, nikawaeleza habari za mwili, kwa sababu nimeona watu wengi wanaogopa dalili kuliko wanavyoogopa mbio.

Ubongo ukihisi kwamba jambo kubwa linakuja, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaongeza kasi, ini linaachia sukari, viganja vinalowa jasho. Damu inapunguzwa tumboni na kupelekwa kwenye misuli, ndiyo maana chakula kinagoma kushuka, na utumbo mpana nao unataka kujisafisha haraka. Ile foleni ndefu ya vyoo kwenye kila mbio duniani ina sababu hiyo. Mikono kutetemeka, kupiga miayo mfululizo, kukojoa kila baada ya dakika kumi: yote hayo ni maandalizi.

Dereva wa bajaji, kijana wetu mwenye kasi kuliko wote, aliuliza, "Kwa hiyo nikitetemeka siumwi?" Huumwi. Nilimwona akishusha mabega. Kumbe kwa misimu miwili alikuwa akienda kupima malaria kila baada ya mbio.

Nikawapa na upande wa pili. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walifanya majaribio kwa panya na kuona kwamba msukumo wa wastani husaidia kazi, ila ukizidi huiharibu, hasa kazi ikiwa ngumu. Kukimbia mita 100 na msisimko wa kupindukia kunawezekana. Kukimbia kilometa 21 zenye mlima kunahitaji hesabu ya nguvu, na hesabu haifanyiki kichwa kikiwaka moto.

Sasa ufanyeje? Watu hupenda kuambiana "tulia". Utafiti wa Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa 2014, ulihusu watu waliotakiwa kuimba, kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya wengine. Waliojiambia kwamba wana shauku walifanya vizuri kuliko waliojitahidi kutulia. Kwangu maana yake ni rahisi: moyo unaodunda hauwezi kushushwa kwa amri, ila unaweza kupewa kazi. Kutoka hofu hadi utulivu ni safari ndefu. Kutoka hofu hadi hamu ni hatua moja, maana mwili uko pale pale. Tumekubaliana kwamba siku ya mbio hakuna kumwambia mwenzako "tulia". Tunasema, "Hamu hiyo, ipeleke mlimani."

Mwisho wa Desemba: alama kwenye daftari

Kila mmoja ana kidaftari. Kabla ya kila mazoezi marefu ya kupima muda anaandika mchecheto wake kwa alama, sifuri hadi kumi, mara nne: usiku wa kuamkia, akiamka, kwenye mstari, na akikumbuka hali yake kwenye kilometa ya tatu.

Nilichokiona kimenishangaza na kunifurahisha. Kwa karibu kila mtu alama inapanda usiku, inapanda zaidi kwenye mstari, halafu inaporomoka kabla ya kilometa ya tatu. Nimewaonyesha kurasa zao. Mtu akiona kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba hali ile huisha, anaipokea tofauti. Mzee wetu wa klabu, mstaafu wa bandari, alizifunua kurasa zake polepole, kisha akasema, "Mwanangu, basi hii ni mgeni wa asubuhi tu." Nikamjibu, ndiyo mzee, na huwa anaondoka bila kufukuzwa.

Lakini wawili wako tofauti. Alama zao zinapanda barabarani, kadiri wengine wanavyowapita. Hao hawaogopi kuanza, wanaogopa kuwa wa mwisho. Mmoja ni mhasibu ambaye ofisi yake imemlipia kiingilio na itaangalia matokeo. Mwingine ni dada aliyejiunga na klabu baada ya kujifungua. Dawa ya mstari haiwatibu hawa.

Kwa dada huyo nilizungumza habari za John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Mexico City, 1968, aliangushwa katika msongamano wa wakimbiaji, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia na watazamaji wengi wameshaondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, kwa saa 3:25:27. Wakimbiaji 18 walikuwa wameacha njiani. Leo hata wanaofuatilia riadha ni wachache wanaoweza kumtaja mshindi wa siku ile, lakini Akhwari anajulikana dunia nzima. Sikumwambia kwamba atakuwa Akhwari. Nilimwambia kwamba nafasi ya mwisho ina mwenyeji wake, na ni mtu wa heshima.

Januari, wiki ya pili: sentensi tatu

Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoiamini kuliko zote.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanya kazi miaka mingi juu ya mipango yenye umbo la "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi". Nguvu yake iko hapa: uamuzi unafanyika mapema, kichwa kikiwa baridi, na siku yenyewe tukio ndilo linaloita kitendo. Hakuna mjadala. Nia nzuri peke yake, kwa mfano "siku hiyo nitajizuia", haina mlango wa kuingilia.

Kila mmoja aliandika za kwake, kwa maneno yake, zisizidi tatu. Kijana mmoja aliniletea ukurasa mzima. Tukakaa naye tukachagua zile zinazohusu hofu zake tatu kubwa, nyingine tukaziacha. Nanukuu kwa ruhusa yao.

Mama mpishi: "Watu wakinipita kilometa ya kwanza, nitawaombea safari njema na kubaki kwenye hatua zangu."

Dereva wa bajaji: "Moyo ukidunda mstarini, nitavuta pumzi kwa kuhesabu nne na kuitoa kwa kuhesabu sita, mara tano."

Mhasibu: "Saa ikinionyesha mapigo ya juu kabla ya kuanza, nitaigeuzia ndani ya mkono mpaka kilometa ya tatu."

Mzee: "Tumbo likivuruga njiani, nitapunguza mwendo, nisukutue maji na kuyatema, niendelee."

Dada: "Nikijiona wa mwisho, nitamtafuta mtu wa kumsalimia."

Hesabu ya pumzi ya dereva ina sababu yake. Kutoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta huamsha neva ya vagasi, ambayo hupunguza kasi ya moyo. Ni kati ya njia chache za kuugusa moyo kwa hiari. Lakini lazima ifanyiwe mazoezi. Anayeijaribu mara ya kwanza kwenye mstari ataishia kuona kizunguzungu. Tunaifanya kila Jumamosi baada ya kunyoosha viungo, na mama mpishi ameanza kuifanya jikoni kabla kengele ya chakula haijalia.

Januari, wiki ya tatu: mbio za majaribio, Pugu hadi Kisarawe

Tulifanya siku ya mbio kamili, bila mbio. Barabara ya kupanda kutoka Pugu kwenda Kisarawe ndiyo mlima wetu wa Mweka kwa hapa karibu. Kuamka usiku wa manane. Kifungua kinywa kile kile kitakachotumika Moshi: mkate mweupe na asali, ndizi mbivu, chai ya rangi, saa mbili hadi tatu kabla ya kuanza. Namba za karatasi kifuani, pini nne. Mafuta ya mgando kwapani na mapajani. Spika kubwa, mshereheshaji anayetaja majina, na ndugu walioalikwa kuja kupiga kelele.

Nilitaka mchecheto uje, na ulikuja. Mshereheshaji alipoanza kuhesabu kurudi nyuma niliona nyuso zikibadilika kabisa. Msichana mmoja alitokwa machozi. Rafiki yake alimshika mkono bila kusema neno, wakaondoka pamoja, na alikimbia vizuri kuliko siku zote. Ninaandika hili kwa sababu wapo makocha wanaomtoa mtu mstarini akilia. Machozi yale ni adrenalini inayotafuta njia ya kutokea. Mwache aende.

Kanuni ya kilometa tatu: hakuna kumpita kiongozi mwenye fulana ya njano mpaka mwinuko wa kwanza uishe, na kila mtu lazima aweze kusema sentensi nzima kwa sauti. Adrenalini huficha uchovu. Mwendo unaoonekana wa mchezo dakika kumi za kwanza ndio unaoua dakika ya arobaini. Dereva wa bajaji alikunja uso nyuma ya fulana ya njano, lakini alibaki. Juu ya mlima alimaliza akiwa na nguvu za kugeuka na kuwavuta wengine. Jioni alinipigia simu kueleza, kwa dakika nyingi, jinsi mlima ulivyokuwa mfupi.

Jambo jingine tulilolipata pale: chapati za mafuta, hata kama ni nusu, hazifai. Zimeondolewa.

Mwisho wa Januari: tawi la baharini

Mwenzetu mmoja, fundi umeme, anajiandaa na triathloni ya masafa ya Olimpiki: mita 1,500 za kuogelea, kilometa 40 za baiskeli, kilometa 10 za kukimbia. Mchecheto wake una sura nyingine kabisa, nami nimeuchukulia kwa uzito mkubwa, kwa sababu mkimbiaji aliyepatwa na hofu anaweza kusimama kando ya barabara. Aliye majini hana kando.

Kwenye nchi za baridi waogeleaji hupambana na mshtuko wa maji baridi, unaomfanya mtu avute pumzi ghafla bila kutaka. Bahari yetu ina joto, lakini hofu inakuja kwa mlango mwingine: msongamano, teke la usoni, miwani kujaa maji, na kutoona chini. Anachofanya mtu wa namna hiyo ni kuzuia pumzi. Kaboni dayoksaidi inajaa kifuani, mwili unapiga kelele kwamba hewa imekwisha, na yeye anazidi kuvuta juu juu, hali tatizo ni hewa ambayo hajaitoa.

Kwa hiyo mazoezi yake yote yanaanza na kutoa pumzi. Anazamisha uso, anatoa mapovu taratibu mpaka mwisho, anageuka, anavuta. Maji yakijaa, asubuhi mapema, tunaingia Msasani watu wanne pamoja naye, tunamzonga kwa makusudi, tunamgusa miguu, mmoja wetu akiwa na boya pembeni. Sentensi zake: "Nikizongwa, nitajilaza chali na kutoa pumzi tatu ndefu." "Miwani ikijaa, nitaelea, niimwage, niendelee." "Mlio wa kuanza ukilia, nitahesabu kumi kabla ya kuingia, nikiwa pembeni kulia." Ile kumi ni sekunde ambazo hazitamgharimu kitu katika mashindano ya zaidi ya saa mbili, lakini zinampa maji matupu mbele yake.

Siku ya kwanza alijilaza chali mara kadhaa katika mita chache. Sasa anavuka kipande kile bila kusimama.

Februari, wiki ya kwanza: jioni ya Tokyo

Tulikusanyika kuangalia tena marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia, Tokyo, Septemba 2025, ile ambayo Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo. Wengi walikuwa wameona mita za mwisho tu, jinsi yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walivyopewa muda mmoja, 2:09:48, na kutenganishwa kwa picha ya mstari wa mwisho, sekunde 0.03.

Mimi nilitaka waone mwanzo. Kulitokea jambo ambalo halionekani mara kwa mara katika marathoni: mkimbiaji alitangulia mlio, na kundi zima likarudishwa kupangwa upya. Mbio za kilometa 42, ambako nusu sekunde haina thamani yoyote pale mwanzoni, na bado mtu wa kiwango cha dunia mwili ulimtangulia. Chumba kilikaa kimya. Mhasibu akasema, "Hata wao?" Hata wao. Halafu tukamfuatilia Simbu: saa mbili amejificha ndani ya kundi, haongozi, hashindani na mtu, uso haubadiliki, mpaka ndani ya uwanja ambako kila alichokuwa amekitunza kilitoka kwa pamoja.

Nilitaja pia Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Eliud Kipchoge, kabla ya kukimbia kwa 1:59:40, alipigiwa simu na Rais wa Kenya, na baadaye alieleza kwamba uzito aliobeba mabegani ulikuwa mkubwa sana. Nilimtaja kwa sababu ya hiyo simu. Anayekutakia heri anaweza kukuongezea mzigo bila kujua. Tumeamua: kuanzia Jumamosi mchana simu zote zinazimwa au zinakaa kwa msaidizi. Salamu zitumwe Ijumaa.

Februari, wiki ya mbio

Mwezi wa Ramadhani umeandama siku chache kabla ya mbio. Wenzetu Waislamu walikuwa wamelibeba swali hili tangu Desemba, na niliona kwenye madaftari kwamba alama zao za usiku zilikuwa juu kwa sababu hiyo hasa. Wawili walikwenda kwa ustadhi wao kuuliza habari ya ruhusa ya msafiri, wakaamua kutofunga siku hiyo na kuilipa baadaye. Wa tatu ameamua kufunga, na atasimama njia ya Mweka kutushikia vitu. Baada ya kuamua, wote watatu alama zimeshuka. Swali lililojibiwa halimkoseshi mtu usingizi.

Mambo mengine ya wiki hii ninayaandika kwa mkazo kwa sababu watu huumia.

Dawa za maumivu za kutanguliza, zile za jamii ya ibuprofeni, hapana. Ukikimbia kwa nguvu juani damu inayokwenda kwenye figo inapungua, na dawa hizo zinaipunguza zaidi. Kila mwaka kuna mtu anayeweka vidonge mfukoni "kwa usalama", na mchecheto ndio unaomfanya ajisikie maumivu ambayo Alhamisi hayakuwapo. Magoti yote huuma usiku wa kuamkia mbio.

Maji: kunywa kwa kiu. Wenye wasiwasi hunywa chupa baada ya chupa tangu Ijumaa, wakidhani wanajikinga. Kwenye Boston Marathon ya 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza, na asilimia 13 walikutwa chumvi ya damu imeshuka kupita kiasi. Waliokunywa mpaka wakaongezeka uzito njiani ndio walikuwa hatarini zaidi. Hali hiyo huweza kuua.

Usingizi: usiku unaohesabika ni wa kuamkia Jumamosi. Wa kuamkia mbio, ukija mwembamba, miguu haitajua. Nimewaambia walale chali na kupumzisha macho, wasiangalie saa.

Moshi, Jumamosi

Basi kutoka stendi ya Magufuli jana, Segera, Mombo, Same, watu wameimba mpaka Korogwe halafu wakalala. Leo asubuhi tumetembea mwanzo wa njia kwa miguu. Kila mmoja ameona vyoo viko wapi, mizigo inapokelewa wapi, mteremko wa kurudia unaingia uwanjani upande gani. Kitu ulichokwisha kukiona hakikutishi mara ya pili kwa kiasi kile kile. Jioni ugali kidogo, wali zaidi, samaki. Namba zimebandikwa kwenye fulana. Kila mtu amesoma sentensi zake kwa sauti mbele ya mwenzake, wengine wakasali. Taa zimezimwa mapema.

Baada ya mbio

Ninaandika siku mbili baadaye, madaftari yote yakiwa mezani.

Kwenye mstari alama zilikuwa juu kwa wote, kama Kisarawe na kwa wengine zaidi. Mradi haukuzishusha. Kilichobadilika ni kilichofuata. Dereva wa bajaji alipanda kilometa tatu za kwanza taratibu kuliko alivyowahi kuanza mbio yoyote, na kuanzia nusu ya mlima alikuwa anapita watu tu. Mama mpishi alipitwa na umati, akawaombea safari njema kwa sauti, mpaka waliokuwa karibu wakaanza kuitikia amina. Alimaliza akiwa na nguvu za kuuliza chakula kiko wapi. Mzee alivurugwa na tumbo kwenye mteremko, akafanya alichoandika, likapita. Dada hakuwa wa mwisho, ila aliniambia alitumia sentensi yake mara nyingi, na ana namba za simu za wakimbiaji wapya kutoka Arusha na Voi.

Kwa mhasibu haikufanya kazi. Mstarini alikuwa sawa, saa aliigeuza kama alivyopanga, lakini kwenye mlima, alipoirudisha na kuona muda, hofu ikamshika na akatembea sehemu ndefu. Anasema alikuwa akiiona ripoti ya ofisi mbele ya macho. Sentensi zake zilikuwa za mstarini, na hofu yake inakaa kwenye matokeo. Tumekubaliana kwamba mbio zake zijazo atajisajili mwenyewe kwa fedha yake, hatamwambia mtu wa ofisini, na atakimbia bila saa. Nitafuatilia alama zake mpaka Juni.

Fundi umeme ana kazi yake pia. Aprili kusi ikianza bahari itabadilika, kwa hiyo Machi yote tunaitumia: Jumatano kwenye bwawa watu wanne kwenye njia moja, Jumamosi Msasani maji yakijaa. Wiki hii tunaongeza kuanza kwa kukimbia kutoka mchangani, moyo ukiwa tayari juu, kisha kuzamisha uso na kutoa pumzi. Ameniomba safari hii tuwe sita wa kumzonga.